Nyuso Kumi na Mbili za Don Eusebio

Delfina Arreguín alikuwa fundi hodari wa kuchapa picha, na kama mafundi hodari wengi, alikuwa na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Aliweza kuiwamba hariri kwenye fremu mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Aliweza kupitisha rangi tano juu ya karatasi moja, moja baada ya nyingine, bila hata moja kuvuka mpaka wake. Na aliweza kukueleza, kabla hujamaliza kuuliza, ni wapi hasa Marekani ilipowadhulumu watu wake. Kuomba ruhusa ndiko kulikomshinda.

Mwaka ule wa 1976 nchi nzima ilikuwa imevaa nyekundu, nyeupe na bluu. Taifa lilikuwa linatimiza miaka mia mbili, na hata makopo ya maharage yalipigwa bendera. Huku East Los Angeles, karakana ya Nacho Belmontes, ambayo zamani ilikuwa duka la mikate na siku za joto bado ilinuka sukari iliyoungua, iliamua nayo iseme neno. Wachapaji kumi, kila mmoja picha yake, kila picha nakala arobaini, na swali moja la kujibu: katika sherehe hii, sisi ni kina nani?

Jibu la Delfina lilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Mama yake alipofariki, miaka miwili nyuma, Delfina alilifungua lile kopo akitafuta sindano, akakuta kadi ya mkataba wa kazi ya shamba, ya mwaka 1957, wa aina ile waliyopewa wanaume wa Meksiko waliovuka kuja kuvuna. Picha ilikuwa ya baba yake, kijana, macho yamemtoka, kola imelowa jasho, namba imening'inia kifuani. Chini ya picha pameandikwa jina: Hilario Santoyo Rentería.

Baba yake aliitwa Eusebio Arreguín, na tangu abatizwe hakuwahi kuitwa vingine.

Delfina alicheka kwanza, kisha akakasirika. Hadithi za makarani wa mipakani alizinyonya pamoja na maziwa ya mama: wanaume elfu kwa siku, kadi zinarushwa kama karata, mtu anaingia Pérez anatoka López na anaambiwa asonge mbele. Basi huu ndio ushahidi wenyewe. Walichukua mgongo wa baba yake, wakachukua na miaka yake, na hata jina lake hawakujali kuliandika. Hakwenda kumwuliza mzee. Aulize nini, na jambo liko wazi kama mchana?

Picha aliyoichora ilikuwa nzuri, hilo hata wasiompenda walikubali. Don Eusebio alikuwa amechuma malimau kwa miaka minane kule Santa Paula, na kila mtu wa huku anazijua zile lebo za makasha ya malimau: jua linachomoza, milima ya zambarau, mwanamwali anatabasamu na kikapu. Delfina alimwondoa mwanamwali akamweka baba yake na kola yake iliyolowa. Juu akaandika FAHARI YA AMERIKA kwa herufi nono za kibiashara, chini akaweka namba na lile jina. Kisha akairudia lebo ileile mara kumi na mbili kwenye karatasi moja, safu tatu za nne nne, kama makopo dukani, na katika kila lebo uso una rangi nyingine: waridi, kijani cha limau bichi, machungwa, bluu ya bwawa la kuogelea. Uso na jina alivitenga kwenye fremu mbili, uso kwa rangi zake, maandishi kwa wino mweusi, ili herufi zikae kali. Ukisimama mbali ulitaka kununua. Ukisogea ulikutana na yale macho.

Palikuwa na desturi pale karakana, na ilikuwa desturi ya Nacho mwenyewe. Kama picha ina uso wa mtu aliye hai, nakala ya majaribio hupelekwa kwake kwanza, aiangalie, aseme ndiyo au hapana, ndipo fremu ipigwe wino wa kweli. Nacho alikuwa na msemo wake, kwamba karatasi ni ya karakana lakini uso ni wa mwenyewe.

"Mzee ameiona?" Nacho aliuliza, huku akichanganya rangi.

"Ameiona."

"Kasemaje?"

"Si unamjua baba. Hasemi."

La pili lilikuwa kweli, na uongo mzuri hauachi kubeba ukweli kidogo mfukoni. Delfina alitaka mzee aione siku ya maonyesho, mbele za watu, apigiwe makofi. Huo ndio uongo wa kwanza katika hadithi hii na ndio mdogo kuliko wote. Yeye mwenyewe aliuona ni zawadi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Don Eusebio alivaa suti yake ya kahawia, ile ya misa na mazishi, akaja na kofia mkononi. Delfina alisimama mbele ya picha yake akasema aliyotaka kusema kwa miezi: kwamba huyu ni baba yangu, kwamba nchi hii imekula malimau yake na haikutaka kujua anaitwa nani, kwamba tazameni, hata jina si lake. Watu walipiga makofi mpaka vumbi la unga wa zamani likashuka toka darini. Alipogeuka amwite mzee apokee nakala namba moja, aliona mgongo wa suti ya kahawia ukitoka mlangoni. Alidhani amezidiwa na furaha. Akaendelea kupeana mikono.

Nakala zilikwenda siku hiyohiyo, kama ilivyopangwa: kumi zikabaki karakana, thelathini zikagawiwa mtaani zitundikwe madirishani, kwa kinyozi, kwa mwuza nyama, zahanati, dukani kwa viatu, ukumbi wa kanisa.

Hapa sina budi nimtaje Doña Engracia. Alikuwa mjane wa bwana mmoja Mota, naye aliuza tamale, unga wa mahindi wenye nyama ndani uliofungwa kwa maganda ya mahindi, mlangoni mwa kanisa kila Jumamosi, zikifuka mvuke ndani ya sufuria lililofunikwa taulo. Tamale zake zilisifika, ila kilichomjulisha zaidi ni swali lake. Kila mwanamume wa makamo aliyewahi kuja kwa mkataba wa shamba aliulizwa mara moja angalau: hukupata kukutana na Layo wangu huko? Layo alikuwa kaka yake. Alivuka mwaka 1957, kijijini kwao orodha ya waliovuka ilisomwa na jina lake likasomwa, na tangu siku hiyo hakuleta hata salamu. Watu walijibu hapana, wakachukua tamale zao, wakaenda zao. Don Eusebio naye aliulizwa, mwaka 1965, akajibu hapana. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja: dazeni mbili, kwa nyumba ya watu watatu, halafu wawili. Mama yake Delfina alipokuwa hai alifikia kumwonea wivu yule mjane. Delfina alikuwa akiwacheka wote.

Baada ya maonyesho mzee hakusema na binti yake siku nzima, na ya pili, na ya tatu. Alikula barazani, sahani magotini. Jumapili hakwenda misa. Jumamosi iliyofuata hakwenda kununua tamale, na hapo ndipo Delfina, aliyekuwa amenuna kwa kukosa shukrani za mzee, alipoanza kuogopa. Akamfuata barazani akamwambia kama picha imemuudhi aseme, maana yeye alitaka kumpa heshima.

Don Eusebio alivua kofia, akaiweka magotini.

"Hilario Santoyo si kosa la karani," alisema. "Ni mtu."

Kisha akamwambia yote, akitazama uzio. Ilikuwa Empalme, kule Sonora nchini Meksiko, mwezi Julai, mahali pa kuandikiwa mikataba. Maelfu walilala nje wakingoja. Ili jina lako liingie orodhani ilikupasa uchume kwanza pamba ya mabwana wa pale, na Hilario alikuwa amekwisha kuchuma ya kwake. Eusebio alichelewa kufika, hakuwa na orodha wala tumaini. Walikutana nyuma ya stesheni, palipokuwa na kivuli, wakashiriki mkeka mmoja na chupa moja ya maji siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili asubuhi Hilario aliamka na homa ya jua, na kabla ya saa nne alikuwa amekufa pale pale ukutani, kofia usoni, wapita njia wakidhani amelala. Eusebio alimtoa karatasi zake mfukoni. Alizitoa ili ampelekee mama wa marehemu, na aliapa kwamba wakati anazitoa hakuwa na nia nyingine.

"Adhuhuri wakaanza kuita kwa kipaza sauti," alisema. "Wakaita jina lake. Kimya. Wakaita mara ya pili. Nikawa nawaza nyumbani, wewe na mama yako mnakula nini. Mara ya tatu nikaitika. Hata mimi nilishangaa ni nani kaitika."

Akapigwa picha ileile saa ileile, ndiyo maana ya yale macho. Jioni polisi waliuliza kama kuna anayemjua maiti wa ukutani. Aliyemjua alikuwa ndani ya treni, na jina la maiti lilikuwa mfukoni mwake. Wakamzika mtu yule bila jina. Miaka mitano baadaye Eusebio alipata karatasi zake halali, kwa jina lake mwenyewe, akaificha ile kadi, kwa kuwa kuichoma aliona ni kama kumuua mara ya pili.

"Na mama yake hukumpelekea," Delfina alisema.

"Sikumpelekea. Nyumbani kwao walimwita Layo."

Delfina alikuwa amelisikia jina hilo Jumamosi mia ngapi, na hakuna aliyewahi kusema Layo ni kifupi cha nini. Sasa mtama umemwagwa penye kuku wengi, na aliyeumwaga ni yeye, kwa rangi tano, akipigiwa makofi.

Alisema Doña Engracia lazima aambiwe. Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba mama yao alikufa akimlaani Layo kwa kuwasahau, na kwamba yeye kwa miaka kumi na moja amekula tamale za mwanamke yule akimtazama machoni, na kwamba maneno ya kumwambia amekuwa akiyatafuta kila Ijumaa usiku na kila Jumamosi asubuhi hayako. Akaomba apewe muda kidogo ayapate. "Ziondoe kwanza zile picha, mwanangu," alisema. "Asije akalisoma dirishani kwa kinyozi."

Delfina akakubali. Kosa la picha lilikuwa lake na alitaka kulifuta. Kosa la baba yake akaliacha lingoje.

Jumatatu alianza kuzunguka mtaa mzima akikusanya alichokigawa. Alitoa sababu kwamba wino umechacha, utabanduka. Mwuza nyama alimtazama akifungua picha dirishani kwa haraka, akasema nyama yake ikichacha yeye huwa hakimbii hivyo. Kinyozi alikataa kabisa mpaka akaahidiwa nyingine, maana wateja walikuwa wameanza kubishana ni rangi ipi inamfaa Don Eusebio, na waridi ilikuwa inaongoza. Karakana, Nacho hakuuliza. Alimwona akizikatakata nakala kwa kisu cha karatasi na kuiosha ile fremu ya uso kwa dawa mpaka hariri ikawa nyeupe, akamwambia neno moja tu, kwamba inaelekea mzee hakuwa ameiona. Fremu ya maandishi Delfina hakuiosha. Mikono ilikuwa imemchoka na dawa ilikuwa imekwisha.

Kufikia Alhamisi ilibaki moja, namba ishirini na tatu, ukumbi wa kanisa.

Doña Engracia alikuwa peke yake mle ndani, akipanga meza za mnada wa parokia. Alikuwa ameacha kupanga. Alikuwa amesimama mbele ya picha, miwani imepandishwa, kidole kinatembea juu ya kioo toka lebo hadi lebo. Hakuwa msomaji, lakini jina lile alilijua kwa mkono, kwa kuwa wakati wa kumtafuta yeye ndiye aliyekuwa akitumwa dirishani kwa ofisa wa wilaya, kila mwezi, na kila mwezi alitakiwa aliandike upya.

Aligeuka, na Delfina akaona jambo ambalo hakulitarajia na hajalisahau. Yule mama alikuwa anafurahi.

"Binti, wewe ndiye umemchapa kaka yangu?" alisema. "Mara kumi na mbili. Nimehesabu. Umempata wapi? Yuko wapi?"

Delfina alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi, ungetosha pumzi moja: amekufa, Doña, alikufa Empalme, baba yangu aliitika jina lake. Nimeambiwa kwamba hata leo, akiwa anaosha vyombo au anangoja taa za barabarani, huisema ile sentensi kwa sauti, kuona kama ingeweza kutoka. Ingeweza. Ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ni makosa ya makarani tu, Doña Engracia," alisema. "Huyu ni baba yangu. Kadi zilichanganywa. Walikuwa wanaandika majina ovyo."

Kile kile alichokisema kwa kiburi siku ya makofi, sasa alikisema akijua. Alisubiri ile furaha izimike. Haikuzimika. Mama yule alivuta kiti, akakaa.

"Walikuwa wanachanganya majina," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Basi hata ile orodha tuliyosomewa nyumbani. Waliosema Layo kavuka. Huenda waliona jina lake kwa baba yako, wakaandika kavuka. Huenda hakuvuka kabisa."

"Huenda," alisema Delfina.

Doña Engracia akaanza kulia, kwa kicheko ndani yake. Mama yao alimlaani bure, alisema. Layo hakuwaacha. Hakuwa huku akinywa na wanawake, miaka yote hii yeye anamtafuta upande usio wake! Yuko kulekule Meksiko, ana shida, au ana aibu ya kurudi mikono mitupu, wanaume walivyo. Alimshika Delfina mikono yote miwili, ile yenye wino kwenye kucha, akaibusu. Delfina aliiacha ibusiwe. Kisha akaiteremsha namba ishirini na tatu ukutani, akaipakata, akatoka.

Alipomweleza baba yake, mzee aliinamisha kichwa. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, na Delfina alitamani mzee angempiga kofi badala yake.

Wiki ya pili yake Doña Engracia alikuja karakana na ombi. Anakwenda kumtafuta kaka yake. Ameshauza sufuria, ameshaaga. Atapita miji yote ya njia ya treni, Nogales, Hermosillo, mpaka chini Sinaloa, na anataka karatasi za kubandika ukutani. Picha ya Layo hana, hakuwahi kupigwa. Ila jina lipo, na lile jina la kwenye picha lilikuwa limekaa vizuri, jeusi, linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Je, binti anaweza kumchapia hilo jina peke yake?

Delfina angeweza kusema fremu imeoshwa. Kwa mara moja uongo ungekuwa na kazi nzuri ya kufanya, na siku hiyo hakuukumbuka. Aliitoa fremu ya maandishi, akaziba kwa gundi na karatasi kila kitu, lebo kumi na moja na FAHARI YA AMERIKA na zile namba, akabakiza jina moja. Juu yake akaongeza kwa herufi mpya neno ANATAFUTWA. Akavuta mpira wa kusukumia wino mara mia mbili. Kila alipovuta aliinua fremu, na jina lilikuwa pale, safi, kali, halikukosa mstari. Hajawahi kuchapa vizuri kuliko siku ile. Nafasi ya uso ilibaki nyeupe, na Doña Engracia akasema haidhuru, watu watajaza wenyewe.

Bado palikuwa na siku tisa kabla ya safari, na baba na binti kila jioni waliambiana kwamba kesho. Kesho Don Eusebio atavaa suti aende. Alivaa kweli, mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta amezungukwa na majirani wanaomuaga. Mara ya pili alimkuta peke yake, naye ndiye aliyetangulia kusema: akampa karatasi moja na kumwomba, kwa kuwa yeye anajua wanaume wengi wa zamani, aangalie na huku pia, ikiwa yupo. Don Eusebio aliishika kwa mikono miwili. Akasema atafanya hivyo. Akaikunja mara nne akaiweka ndani ya kofia, akarudi nyumbani nayo kichwani.

Basi liliondoka Septemba. Jumamosi mlangoni mwa kanisa akakaa mwingine, na tamale zake zilikuwa kavu.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na watu husema hivyo kwa kuwa mjukuu huja baadaye. Ya nyumba ile hayakungoja kuzaliwa. Mzee alikonda. Delfina hakuchapa picha nyingine mwaka ule. Alisaidia kuosha fremu za wenzake, na Nacho alimwacha. Namba ishirini na tatu ilikaa nyuma ya kabati, uso ukutani.

Katikati ya Novemba ilikuja postikadi. Mbele ilikuwa na picha ya stesheni ya treni, ya rangi zilizofifia. Nyuma palikuwa na mwandiko wa mtu mwingine, mzuri, wa mtu aliyelipwa au kuombwa. Walikuwa mezani, supu ya utumbo imeshapakuliwa, ile iliyobaki toka Jumapili. Delfina akaisoma kwa sauti, kwa sababu mzee alikuwa hana miwani.

"Binti yangu Delfina, nipo mji unaitwa Empalme. Sijampata, lakini hapa watu ni wema na wanasema wengi walipita. Karatasi zako hazijafifia hata kwa jua hili, wanazisifu. Juzi ilikuwa Siku ya Wafu, wote walikwenda makaburini na maua, mimi sikwenda, maana wangu yu hai. Nimebandika ukuta wa nyuma wa stesheni, ndipo penye kivuli. Nilikuwa nimechoka, nikakaa chini hapo nikaegemea ukuta mpaka jua likapoa. Nisalimie Don Eusebio. Kesho naendelea kusini."

Don Eusebio aliweka kijiko chini.

"Amekaa naye," alisema.

Delfina aliiweka kadi mezani.

"Pale pale. Amekaa naye mchana mzima na hakujua." Akasukuma bakuli. "Lete kalamu. Andika, mwanangu. Andika yote, jina langu liwe chini. Sasa hivi."

Delfina aliigeuza kadi, akaigeuza tena, akatazama pembeni, juu, chini ya stempu.

"Hakuna anwani, Baba," alisema.

Mzee akanyoosha mkono akaichukua kadi. Akaiegemeza kwenye chupa ya pilipili, picha ya stesheni ikimtazama, akakaa hivyo na kalamu mkononi mpaka mafuta yakaganda juu ya supu.